Nanga Iliyoshika na Nanga Iliyoburura: Amana ya Nahodha katika Fiqhi na Historia

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), aliyeitiisha bahari kwa waja wake wakapata ndani yake riziki na njia. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu msomaji, sisi watu wa pwani tumezoea kusikia neno moja kila chombo kinapopotea baharini. Maiti hawajazikwa wote, na wengine hawajapatikana, lakini barazani na msikitini neno limekwisha kutoka: "Ni qadari ya Allah." Hilo ni neno la haki, na kuiamini qadari ni nguzo katika nguzo za imani. Lakini neno la haki linaweza kutumiwa mahali pasipokuwa pake. Likitajwa ili kumliwaza mfiwa, ni rehma. Likitajwa ili asiulizwe aliyekabidhiwa chombo, limekuwa pazia la uzembe. Basi katika makala haya tumechagua kulitazama jambo moja dogo la kazi ya bahari, nalo ni kuhakikisha kwamba nanga imeshika. Tutaona, inshaAllah, jinsi wanachuoni wetu walivyopambanua baina ya lile ambalo mja ataulizwa na lile ambalo hana uwezo nalo.

NENO LA NANGA KATIKA QUR'ANI

Katika Suratu Hud, aya ya 41, Nabii Nuh (A.S.) anawaamrisha walio pamoja naye wapande jahazi, na anawafahamisha kwamba kwenda kwake na kusimama kwake ni kwa jina la Allah. Aya imekusanya mambo mawili, majraha na mursaha. Wengi wetu tunapopanda chombo hutaja jina la Allah kwa ajili ya kwenda, tukasahau kwamba aya imetaja pia kusimama. Chombo kinahitaji ulinzi wa Allah kinapong'oa nanga, na kinauhitaji vile vile kinapotia nanga.

Maimamu wanaosoma kwa riwaya ya Hafs wanajua kwamba hapa ndipo mahali pekee ambapo Hafs amesoma kwa imala. Lakini ipo faida nyingine ya kilugha. Hafs kutoka kwa Asim, pamoja na Hamza na Al-Kisai, wamesoma majraha kwa fatha ya mim; waliobaki katika wasomaji saba wamesoma mujraha kwa dhamma. Ama mursaha, wote saba wameisoma kwa dhamma. Wanafunzi wa sarfa wanafahamu tofauti yake. Majra kwa fatha hutokana na jara, kitenzi cha chombo chenyewe, yaani kimekwenda. Mursa kwa dhamma hutokana na arsa, kitenzi cha anayekisimamisha chombo kikathibiti. Chombo chaweza kwenda chenyewe kwa upepo tu, lakini hakithibiti mahali mpaka kithibitishwe. Hatusemi kwamba hukumu ya fiqhi yajengwa juu ya harakati moja ya herufi, ila tunasema kwamba lugha ya Qur'ani inamzindua mwenye kuzingatia.

Asili ya neno hili, yaani ra, sin na waw, ndiyo iliyotumika kwa milima. Katika Suratu An-Nahl, aya ya 15, milima imeitwa rawasi, vitu vilivyothibiti ardhini ili isiwayumbishe watu. Katika Suratu An-Naziat, aya ya 32, Allah anaeleza kuwa ameithibitisha milima, na kitenzi ni hicho hicho arsa. Na makafiri walipouliza kuhusu Kiyama, katika Suratu Al-A'raf, aya ya 187, waliuliza ni lini mursaha, yaani kutia nanga kwake. Hivyo neno la mabaharia limebeba maana ya kukoma kwa mwendo wote.

Tena Qur'ani imepambanua baina ya kusimama na kusimama. Katika Suratu Ash-Shura, aya ya 32 na 33, vyombo vinatajwa kuwa vingebaki vimetulia juu ya bahari lau Allah angeutuliza upepo. Huko ni kusimama kwa kukosa upepo, na upepo ukirudi chombo hakina cha kukizuia. Kusimama kwa nanga ni kusimama upepo ungali unavuma. Atakayechanganya mawili haya, akaona bahari shwari akadhani nanga imeshika, amejidanganya mwenyewe.

NANGA ZA WALIOTANGULIA

Waarabu wana neno mirsat kwa maana ya nanga, kutokana na asili tuliyoitaja. Wanalo pia neno anjar. Al-Azhari, aliyefariki mwaka 370 H (980 M), amelieleza katika Tahdhib al-Lugha kuwa ni la watu wa Iraq, na Ibn Manzur, aliyefariki mwaka 711 H (1311 M), amelirudisha katika Lisan al-Arab kwenye Kifursi. Wataalamu wa lugha huliunganisha neno letu la Kiswahili, nanga, na neno la Kifursi langar. Kwa hiyo neno lenyewe limesafiri baharini kama mabaharia waliolitumia.

Maelezo ya Al-Azhari yana faida kubwa kwa mwanahistoria. Anaeleza kwamba anjar ilitengenezwa kwa magogo yaliyopishanishwa, yakafungwa katikati mahali pamoja, kisha ikamiminwa baina yake risasi iliyoyeyushwa mpaka yakawa kama jabali. Vichwa vya magogo viliachwa vimetokeza ili vifungwe kamba. Waarabu wakaifanya nanga hiyo kuwa mfano, wakamsema mtu mzito wa kukaa naye kwamba ni mzito kuliko anjar.

Katika bahari yetu ya Hindi zilitumika pia nanga za mawe. Jiwe refu lilichongwa pande nne, likatobolewa tundu moja juu kwa ajili ya kamba, na matundu mawili chini yaliyopishana, moja likielekea huku na jingine kule, ili yapitishwe magongo ya mti ya kung'ata chini. Mawe ya namna hii yameonekana Siraf katika pwani ya Uajemi, katika pwani ya Gujarat nchini India, na hapa kwetu Kilwa. Anayeyatazama anaona athari ya mtu aliyekaa akakadiria uzito, akachonga na akatoboa, kwa kujua kwamba siku moja roho za watu na mali za mayatima zitaning'inia kwenye jiwe hilo.

VIPI NAHODHA HUJUA KWAMBA NANGA IMESHIKA

Ili tuzifahamu hukumu za fiqhi, hatuna budi kulifahamu jambo lenyewe kwanza, kwani wanachuoni wamesema kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu.

Asiyejua hudhani kwamba nanga huzuia chombo kwa uzito wake tu. Sivyo. Nanga hushika kwa kung'ata chini, na hung'ata vizuri inapovutwa kwa ubavu, si inapovutwa kuelekea juu. Kwa ajili hiyo nahodha hatoi amari, yaani kamba ya nanga, kwa kadiri ya kina cha maji peke yake. Huiachia mara kadhaa ya kina hicho ili kamba ilale. Mwenye kubana kamba huinyanyua nanga yake kwa mkono wake mwenyewe bila kujua.

Kabla ya hapo huteremsha bildi kupima kina na kujua chini kuna nini. Mchanga mgumu na tope zito hushika. Mwamba hudanganya: nanga huteleza juu yake, au hunasa katika ufa kiasi cha kutong'oka tena. Na matumbawe hukata kamba kidogo kidogo usiku watu wamelala.

Nanga ikishafika chini, nahodha hukiacha chombo kirudi nyuma mpaka amari ivute, ndipo ajue kama imeng'ata. Huweka mkono juu ya kamba: ikitulia, imeshika, ikitetemeka na kushtukashtuka, nanga inaburura. Kisha huchagua alama mbili za nchi kavu zilizo kwenye mstari mmoja, kama mnazi na pembe ya nyumba nyuma yake, akazitazama mara kwa mara. Mnazi ukianza kuachana na nyumba, hali yeye haoni mabadiliko yoyote chomboni, basi chombo kinahama. Wala kazi haimaliziki hapo. Maji yakigeuka, kupwa kukawa kujaa, chombo huzunguka na nanga huvutwa kwa upande mwingine, ikaweza kung'oka. Basi zamu hulinda na alama hutazamwa upya. Haya yote ni mambo yaliyo ndani ya uwezo wa mja, na hapa ndipo fiqhi inapoingia.

HABARI TATU KATIKA HISTORIA

Habari ya kwanza ni ya vita vya Dhat as-Sawari, vita vikubwa vya kwanza vya majini baina ya Waislamu na Warumi, katika pwani ya Anatolia. Mashuhuri ni kwamba vilikuwa mwaka 34 H (654-655 M), na wako waliosema mwaka 31 H. Amiri wa Waislamu alikuwa Abdullah bin Sa'd bin Abi Sarh. At-Tabari amepokea kwa shahidi aliyekuwapo kwamba majeshi mawili yalipokutana upepo ulikuwa dhidi ya Waislamu. Basi wakatia nanga, na Warumi nao wakatia nanga karibu yao, mpaka upepo ukatulia. Usiku ule Waislamu waliupitisha kwa sala na kisomo cha Qur'ani. Zingatia, ndugu msomaji: watu wale walikuwa masahaba na tabiina, na walikuwa katika jihadi. Hawakusema kwamba kwa kuwa wako katika njia ya Allah basi upepo hauwadhuru. Walitia nanga kwanza, kisha wakasimama kusali. Ibada ya usiku ule ilikuwa juu ya vyombo vilivyothibiti.

Habari ya pili ni ya Ibn Jubayr, mwanachuoni wa Andalusi aliyefariki mwaka 614 H (1217 M). Akirejea kutoka Hija, chombo alichopanda kilifika mlango wa bahari wa Messina katika kisiwa cha Sicily, mwezi wa Ramadhani mwaka 580 H, sawa na Desemba 1184. Upepo ulikuwa mkali na usiku umeingia. Tanga kuu lilikataa kuteremka, na chombo kikasukumwa mpaka kikagusa chini. Ibn Jubayr anasimulia kwamba mabaharia walitupa moja ya nanga wakitaraji ikizuie chombo. Haikufaa kitu, wakaikata kamba yake wakaiacha baharini. Watu waliokata tamaa waliokolewa kulipokucha, na Mfalme Guglielmo wa Sicily mwenyewe alikuwapo mjini, akatoa pesa ili Waislamu mafakiri waliokosa nauli ya mashua wateremshwe. Sisi hatuwahukumu mabaharia wale, kwani hatukuwa pamoja nao. Lakini habari yao inatufundisha kwamba nanga inayotupwa wakati chombo kimekwisha gusa chini si sawa na nanga iliyotiwa mapema na kuhakikishwa. Wakati wa kuiamini nanga ni kabla ya kuihitaji.

Habari ya tatu huenda ikaonekana kinyume cha mbili hizi, na kwa hiyo tumeichagua. Imo katika kitabu cha Ajaib al-Hind, kinachonasibishwa kwa Buzurg bin Shahriyar, nahodha wa karne ya 4 Hijria. Nahodha mmoja wa Siraf akielekea China alimkuta baharini mtu aitwaye Abhara, bingwa wa njia ile, yuko peke yake katika kijichombo na kiriba cha maji. Abhara alikataa kupanda ila akabidhiwe uongozi kwa dinari elfu moja. Alipopanda, akaamrisha watupe shehena nzito, wakate mlingoti mkubwa, na wakate kamba za nanga. Wafanyabiashara wakaona mali yao ikienda majini hali hewa ni nzuri. Siku zilipopita likatokea wingu, kikafuata kimbunga kilichowachukua siku tatu, nao wakasalimika. Waliporudi kutoka China aliwaelekeza kwenye miamba, wakaikuta nanga yao imetupwa hapo. Akawafahamisha kwamba mahali walipokuwa wamesimama siku ile palikuwa baina ya miamba, na lau wangebaki wangevunjika.

Mtu anaweza kusema: Abhara aliokoka kwa kukata nanga, basi nanga ina thamani gani? Jibu ni kwamba Abhara hakukata kwa kubahatisha wala kwa kuzembea. Alijua siku ya mwezi, mwendo wa maji na umbo la chini ya bahari mahali pale. Nanga huthibitisha chombo mahali palipo salama. Mahali pa maangamizi, kuthibiti ndiko kuangamia. Kujua wapi usitie nanga ni sehemu ya elimu ile ile ya kujua vipi uitie.

HUKUMU ZA WANACHUONI: DHAMANA

Katika madhehebu yetu ya Shafi'i, kauli iliyo dhahiri zaidi ni kwamba mwenye kuajiriwa kubeba mali za watu mkono wake ni mkono wa amana. Mali ikiharibika bila ya yeye kuvuka mpaka wala kuzembea, halipi. Wako wanachuoni waliosema alipe, kwa kuchelea mali za watu zisipotee, na imepokewa kutoka kwa Sayyidna Ali (R.A.) kwamba aliwadhamanisha mafundi kwa sababu hiyo. Lakini wote wamekubaliana kwamba aliyezembea analipa. Basi suala lote liko katika kuujua uzembe, ambao kwa Kiarabu huitwa tafrit.

Ash-Shirazi, aliyefariki mwaka 476 H (1083 M), ameueleza katika Al-Muhadhdhab anapozungumzia vyombo viwili vilivyogongana. Ametaja sura tatu za uzembe: kwamba wenye kuviendesha wamepunguza vifaa vyake, au waliweza kuvizuia wakaacha, au walisafiri katika upepo mkali ambao vyombo havisafiri katika mfano wake. Ibn Qudama wa madhehebu ya Hanbali, aliyefariki mwaka 620 H (1223 M), amekwenda njia hiyo katika Al-Mughni, na miongoni mwa vifaa ambavyo kupungua kwake ni uzembe ametaja kamba na watu wa kazi. Tazama jinsi wanachuoni hawa wawili walivyoshuka mpaka kwenye kamba. Nahodha ambaye amari yake imeoza naye anajua, au ni fupi kuliko inavyohitajika, au hana watu wa kutosha kushika zamu, amekwisha kuzembea kabla upepo haujavuma.

Ama wakishindwa na upepo bila ya uzembe wowote, zipo kauli mbili katika madhehebu, na iliyo dhahiri zaidi ni kwamba hawana dhamana. Sababu yake ni kwamba mwenye mnyama ana hatamu mkononi, lakini hakuna mja aliyeshika hatamu ya upepo. Na katika Rawdat at-Talibin, Imam An-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 H (1277 M), ametaja kwamba chombo kilichofungwa pwani kikigongwa na kingine kikavunjika, dhamana ni juu ya mwenye kukiendesha kilichogonga.

Kwa msingi huo tunaona kwamba chombo kilichotia nanga kisha kikaburura usiku, kikavunja mashua ya mvuvi, hakihesabiwi kuwa kimesimama eti kwa sababu nanga iko majini. Kimekwenda. Inabaki kuuliza: kimekwenda kwa kuzidiwa nguvu, au kwa nanga ambayo hakuna aliyeihakikisha?

Na hapa ipo hukumu moja ambayo inapasa kumtetemesha kila mwenye amana. Ikiwa mwenye mali anasema kwamba chombo kiligonga kwa kitendo cha nahodha, naye nahodha anasema alishindwa na upepo, mafakihi wamesema kwamba nahodha atasadikiwa kwa kiapo chake, kwa kuwa asili ni kutokuwepo uzembe. Sheria imemhurumia, kwani baharini hakuna mashahidi. Lakini huruma hiyo imempeleka mahali pazito: ataapa kwa jina la Allah kwamba hakuzembea. Aliyepima kina, akaachia kamba ya kutosha, akatazama alama zake na akaweka zamu, ataapa na moyo wake umetulia. Aliyetupa nanga akaenda kulala ataapa nini? Akiapa kwa uongo ataokoka na kulipa mashua, na atakutana na Allah akiwa na deni lisilolipwa kwa mbao wala kwa pesa.

HUKUMU ZA WANACHUONI: SALA NA SAFARI

Nanga imeingia pia katika mlango wa sala. Katika madhehebu yetu, mwenye kusali faradhi chomboni ni wajibu asimame anapoweza, na akihofia kizunguzungu au kuzama huruhusiwa kukaa. Imam Abu Hanifa alijuzisha kukaa katika chombo kinachokwenda hata bila ya udhuru, kwa kuwa kizunguzungu ndicho kilichozoeleka humo. Ama chombo kilichofungwa pwani, Al-Marghinani, aliyefariki mwaka 593 H (1197 M), amesema katika Al-Hidaya kwamba hukumu yake ni kama ya ufukwe, na kwamba hiyo ndiyo kauli sahihi. Wanachuoni wa Hanafi waliokuja baadaye wakauliza: je, kilichotia nanga katikati ya bahari? Wakajibu kwa upambanuzi: ikiwa upepo unakitikisa kwa nguvu, ni kama kinachokwenda, kama sivyo, ni kama kilichosimama. Hawakutosheka na jina la nanga, bali walitazama hali halisi ya chombo.

Na katika mlango wa safari, mafakihi wa Shafi'i wamesema kwamba msafiri aliyekaa mahali akingojea haja anayoitarajia kila wakati, huku akinuia kuondoka itakapopatikana, atapunguza sala kwa siku 18. Miongoni mwa mifano yao ni msafiri wa bahari aliyezuiliwa akingojea upepo. Mababu zetu waliosafiri kwa kaskazi na kurudi kwa kusi waliijua mas'ala hii kwa kuiishi, si kwa kuisoma tu.

HISBA NA WAJIBU WA JAMII

Sheria haikumwachia nahodha dhamiri yake peke yake. Al-Mawardi, kadhi wa Kishafi'i aliyefariki mwaka 450 H (1058 M), ameeleza katika Al-Ahkam as-Sultaniyya kwamba ni kazi ya muhtasibu kuwazuia wenye vyombo wasipakie kisichobebeka kikahofiwa kuzama, na kuwazuia wasisafiri upepo unapokuwa mkali. Maana yake ni kwamba kabla ya kuuliza baada ya msiba, dola ya Kiislamu iliuliza kabla ya safari. Na kwamba Ibn Jubayr alipovuka kutoka Aydhab kwenda Jeddah mwaka 579 H (1183 M) aliwalalamikia wenye vyombo waliowajaza mahujaji kupita kiasi kwa tamaa ya nauli, ni dalili kwamba hisba ikilala bandarini, hata njia ya Hija hugeuka njia ya mauti.

Nasi tumeyaona. Tarehe 21 Mei 1996 tulimpoteza MV Bukoba katika ziwa karibu na Mwanza. Tarehe 10 Septemba 2011 ilizama Spice Islander I baina ya Unguja na Pemba, ikiwa na watu wengi kupita ilioruhusiwa. Hazikuzama kwa sababu ya nanga, na hatukuzitaja ili kumhukumu mtu, kwani hilo ni la mahakama. Tumezitaja kwa sababu katika kila msiba wa namna hii neno tulilolianza makala nalo lilisikika, na mara nyingi lilisikika kabla ya suali. Wafiwa walistahiki yote mawili: kuliwazwa kwa qadari na kujibiwa kwa haki. Aliyewapa la kwanza akawanyima la pili hakuwatimizia.

QADARI NA NANGA

Huenda msomaji akasema: je, kushughulika hivi na kamba na alama si kupunguza tawakkul? Tunajibu kwa hadithi mashuhuri aliyoipokea At-Tirmidhi kutoka kwa Anas (R.A.), ambamo mtu alimuuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake na kutawakali au amwache na kutawakali, akaamrishwa afunge kisha atawakali. Wako waliozungumza juu ya isnadi hiyo, lakini maana yake imepokewa pia kwa Ibn Hibban kwa njia ya Amr bin Umayya (R.A.). Nanga ni kamba ya ngamia wa baharini. Na Nuh (A.S.), aliyeahidiwa kuokolewa na Mola wake, aliamrishwa aunde jahazi kwa mikono yake mbao kwa mbao. Lau ahadi ingeondoa wajibu wa sababu, basi yeye angekuwa wa kwanza kusamehewa.

Mafakihi waliosema kwamba aliyeshindwa na upepo halipi, hao ndio walioithibitisha qadari mahali pake. Na waliposema kwamba aliyepunguza kamba analipa, waliithibitisha amana mahali pake. Mstari baina ya mawili hayo umepita juu ya amari ya nanga. Kilicho mbele ya mkono wa nahodha, yaani upepo na mawimbi, ni cha Allah peke yake. Kilicho chini ya mkono wake ataulizwa.

Wala nahodha si mwenye jahazi tu. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Ibn Umar (R.A.) hadithi ya kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa kuhusu alichokichunga. Dereva wa basi anayejua breki zake, mwalimu wa madrasa anayejua ukuta wa darasa umepasuka, imamu mwenye funguo za sanduku la msikiti, kila mmoja wao ana amari mkononi. Aiguse kabla hajalala, aone kama imetulia au inatetemeka. Na sisi wenye kupanda mimbari, tunapowaombea waliozama, tusione haya kuuliza pia kuhusu kamba.

Tunamuomba Allah (S.W.) awarehemu waliofariki baharini katika ndugu zetu, na awape jaza ya mashahidi kama alivyobashiri Mtume wake (S.A.W.) kwa aliyezama. Awape subira jamaa zao, awalinde wanaosafiri usiku huu na wanaolala juu ya nanga, na atujaalie kuwa wenye kutekeleza amana kabla ya kuulizwa. Amin.

Wallahu a'lam.